Sababu ya Kulala Majini

Fomu ilikuwa na mistari saba.
Kalamu ilikuwa ya wino wa kijani
kwa kuwa ile ya bluu niliisahau Kisumu, mezani, ndani ya kikombe.
Saa tano na robo usiku, ng'ambo ya Ogenya,
Makokha akazima injini tukabaki tunateleza
juu ya maji ambayo mwaka juzi yalikuwa shamba la mtama.

Kanuni naijua kwa ghaibu, niliifanyia mtihani:
chombo kitakachotia nanga baina ya magharibi na mapambazuko
kiwashe taa nyeupe ionekane pande zote,
kisizibe njia ya feri, kisisogelee mazalia ya samaki,
wala kisilale mahali pamoja zaidi ya usiku mmoja
pasipo idhini iliyotiwa sahihi.
Sheria haipendi chombo kinachozoea.
Kikizoea huota mizizi,
na kikiota mizizi huanza kudai.

Mama alikuwa na taa. Kandili, lakini taa.
Alikuwa na kuku wawili tengani, godoro lililoviringwa,
redio iliyokazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Jina la chombo?
"Hakina. Ni cha shemeji."
Jina lako?
"Dorsila Abuya, nyar Nyakach."
Umefunga kamba wapi?
Akaushika mkono wangu wenye tochi, akaugeuza taratibu
hadi mwanga ukatua kwenye bati lililochomoza kama pezi.
"Hapo. Paa la jikoni."

Nikaandika: kitu kigumu, asili haijulikani.
Akachungulia.
"Inajulikana. Nilinunua Ahero, geji thelathini,
kwa pesa za chama, zamu yangu ilipofika.
Futa."

Nikafuta.

Umbali kutoka ufukweni?
Hapo kalamu ikanigomea.
Ufukwe upi? Ule wa ramani uko nyuma yetu,
mitumbwi hupita juu yake bila kujua.
Wa leo umefika uwanja wa shule ya msingi,
na mvua ikinyesha milima ya Nandi
kesho utaingia darasa la nne, ukae dawati la mbele.

Akafungua mfuko wa unga, ndani yake mfuko mwingine,
ndani yake hatimiliki, kavu kuliko sisi sote.
Eka moja na nukta mbili.
Ua wa ojuok kaskazini, mfereji kusini.

"Mimi sijatia nanga ziwani," akasema, sauti ile ile ya kuomba chumvi.
"Ziwa ndilo limetia nanga kwangu.
Leo usiku wa mia nne na sita.
Limewasha taa gani?
Faini yake umeipeleka wapi?"

Makokha, mzaliwa wa Budalang'i,
akakohoa kikohozi cha mtu aliyewahi kuhamisha kitanda kwa mtumbwi.

Mstari wa saba: sababu ya kulala.
Nilitarajia machozi, au kaburi, au Mungu.
"Wezi wa mabati," akasema.
"Huja saa nane na nyundo, huzamia kama mbizi.
Ya Ogalo wameyamaliza, imebaki miti tu.
Maji siku moja yatarudi kwao. Yakirudi,
nataka yanikute na paa."

Jukwaa la kuku likatikisika, jogoo akabadilisha mguu.
Kitabu cha faini kilikuwa mfukoni, kimenibana paja.
Nikaandika idhini ya usiku mmoja, kama sheria inavyoruhusu,
nikaweka sahihi ya kijani
na mahali pa tarehe nikapaacha wazi.
Hakunishukuru. Aliikunja, akaiingiza kwenye unga.

Makokha alipovuta kamba ya injini, mama akasimama,
mashua ikayumba, kandili likamwaga kivuli chake kirefu majini.
"Nyie! Msikate huko, huko ni kwa mboga!
Pitieni langoni!"

Sikuona lango.
Makokha aliliona, au alijifanya;
akapinda kushoto, akanyoosha,
akapunguza mwendo kati ya nguzo mbili za siala
ambazo vichwa vyake tu vilikuwa juu,
na mimi, bila kuambiwa, nikavua kofia.